Nyuma ya Birika

Mbaruku alizipanga mbili juu ya meza
dukani kwake Mgandini, kati ya pasi na feni zilizokosa mapanga.
"Hii mpya," akasema, "gemu elfu tisa ndani ya moja.
Haina waya, haina kaseti, haina kero."
Nikaiwasha, nikahesabu. Gemu zilikuwa saba,
zinabadilisha majina tu, kama mdaiwa anayehamahama mitaa.

Ya pili ilikuwa kuukuu kweli,
plastiki imegeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku,
padi moja kitufe kimezama, waya umefungwa plasta,
na ubavuni mtu kachonga S kwa msumari.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Mimi vidonda ninavyo, na vyote vya kale.
Sikuuliza bei mara mbili.

Shehoza alikuwa na banda Barabara ya Kumi na Tatu.
Shilingi hamsini, dakika tano; ukifa, mpishe mwenzio.
Wasichana hatukuingia. Kibao cha kusema hivyo hakikuwepo,
hakikuhitajika.
Niliuza kashata dirishani, sinia kichwani,
vidole vya miguu juu ya tofali,
na ile TV ya chogo ikinipa kisogo.
Lakini ukuta wa pili palikuwa na kabati la vyombo,
na ndani ya kioo chake,
katikati ya vikombe vya harusi ya mkewe,
kijitu cha buluu kilikuwa kinakimbia.
Kiliruka shimo, kikapanda sahani,
kikapotea nyuma ya birika,
mara kikatokea, mara hakikutokea tena.
Kaka zangu walifia hapo kila Jumamosi.
Wazembe, niliwaambia njiani kurudi nyumbani. Wazembe wakubwa.
Mimi kichwani nilikuwa nimeshamaliza hatua zote,
huku mikono ikihesabu chenji za watu.

Jana nimeazima TV ya chogo kwa Mama Mwajasi;
hizi za sasa, nyembamba kama mkate wa ajemi,
hazina tundu la nyaya zile.
Tumeileta kwa baiskeli, Mndolwa akisukuma,
mimi nimeikumbatia kama mgonjwa
(na wagonjwa nawajua, miaka ishirini ya zamu za usiku Bombo).
Njano kwenye njano. Nyeupe kwenye nyeupe.
Nyekundu haikuwa na pa kwenda, tukaiacha ining'inie.
Buluu tupu. Chenga. Buluu tena.
Nikachomoa kaseti, nikaipuliza
kama unavyopuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga,
nikairudisha taratibu.
Luku inasoma uniti nne.
"Mama, ndicho hiki? Mbona kina pembepembe?"
Ndicho.

Nikaketi mkekani, mbele kabisa,
mahali ambapo sijawahi kuketi.
Kidole gumba hakikungoja kufundishwa:
kikabonyeza kushoto.
Kijitu kikagonga ukingo, kikakimbia palepale,
kikakimbia, kikakimbia,
na dunia haikufunguka.
"Kulia, Mama! Njia iko kulia."
Miaka yote ile, kabatini, nilikiona kikienda kushoto.

Nilikufa mara kumi na moja shimo la kwanza.
Mndolwa akachoka kunicheka, akalala.
Saa tano kasoro, uniti moja imebaki, nikaingia hatua ya pili,
na pale pale, penye birika la mke wa Shehoza,
akashuka popo.
Mweusi, mdogo, bila hodi.

Nikampigia kaka yangu Sekiondo, Muheza.
Sikumsalimu.
"Kumbe palikuwa na popo."
Nilisikia kitanda kikilia, mtu akiketi gizani.
Hakuuliza popo gani.
"Tulikwambia," akasema.