Unyaukaji

Gunia la Somoe Litunungu lilipimwa Kitama,
kilo themanini na mbili, mashahidi wawili.
Likashonwa, likapanda lori, likalala ghala kuu Mtwara
wiki tatu. Nikalipima mimi, karani:
themanini.
Uzi haukukatwa. Panya hakupita.
Kwenye safu ya mwisho ya daftari nikaandika
neno tulilofundishwa: unyaukaji.

Akaja na basi la alfajiri.
"Mwanangu, sikushitaki. Nionyeshe tu zilipo."
Nikamwambia ni maji, yamepanda hewani.
"Basi kule Kitama mlinipimia korosho, au maji?"
Foleni ikacheka. Mimi sikucheka.

Mdogo wangu Dismas, mwaka wa pili wa falsafa,
usiku alisema swali hilo lina ukoo: metafizikia.
Si elimu ya majini, dada, wala ya nyota.
Fizikia itakuuliza maji yaliondoka kwa joto gani;
hii inauliza, kitu kikishapungua,
kilichobaki ni kile kile?
Na *kuwa* ni nini, kabla hujalitwika neno lingine?

Nilikuwa nabangua korosho za nyumbani,
utomvu umenibabua vidole.
Nikamjibu: bibi yetu hakuijua metafizikia yako,
ila hakuchanganya ipo na iko na imo.
Chumvi ipo: ninaiona.
Chumvi iko: tafuta.
Chumvi imo: onja mchuzi.
Hata utupu tumeujengea vyumba vitatu,
hapana, hakuna, hamna,
na aliyechungulia mtungi akasema hamna
amekiri kwamba mtungi upo.

Dismas akaomba kalamu.

Sasa amelala, na mimi nahesabu.
Kilo mbili za Somoe hazipo.
Hazimo.
Ziko...
hapo ulimi wangu unakwama.
Labda mvua ya kwanza imezirudisha Kitama
na mikorosho yake mwenyewe imezinywa. Labda.
Mvua haitoi stakabadhi.

Nimesahau kusema: alikubali themanini.
Akachovya kidole gumba kwenye wino,
akakigandamiza kwenye karatasi,
kisha akaitazama ile alama muda mrefu,
mistari yake yote imetokea, hata kovu la panga.
"Na hii nayo," akauliza, "ni mimi?"

Daftari langu lina safu tisa.
Nilizipitia zote.