Gharama ya Mlango

Penseli kwanza. Wino ni wa wenye hakika,
na mimi sina, Jumamosi hii ya tano,
duka la kuchapa kadi za harusi limefungwa,
Ngara nje imepunguza kelele kidogo,
nami nakata manila kwa kisu cha Mzee Gathogo
aliyesema: kata utakacho, usiguse zile za dhahabu.

Katika mchezo wangu nguvu ni tokeni.
Zamu ya kwanza moja, ya pili mbili,
na zikikuishia, kama za stima, kaa gizani.
Kadi ikifa inakwenda Jaa.
Na juu ya Jaa nilimweka Korongo,
yule wa migunga ya Nyayo, mwenye upara na koti la wakili:
gharama nne, nguvu tatu,
na maandishi madogo niliyoyaona ya busara:
*Kila kadi iingiapo Jaa, Korongo aongezewe nguvu moja.*

Niliyaona ya busara mpaka alipokuja Hodan.

Hodan, binti wa muuza vitambaa wa Eastleigh,
huhesabu macho yakiwa darini, vidole chini ya meza.
Zamu ya nne akamteremsha Korongo.
Zamu ya tano akacheza Bomoabomoa, gharama mbili:
*Kila kilicho mezani kisicho na mabawa kiende Jaa.*
Vikaenda kumi na kimoja.
Korongo akasimama na nguvu kumi na nne,
Kimeli akabaki na macho tu.

Tulibishana hadi chai ikafanya utando.
Mpandisheni ndege, alisema Kimeli, afike saba.
Tukampandisha. Akakaa mkononi michezo minane
kama mwalikwa wa harusi asiye na nauli.
Tukamshusha. Tukaandika *mara moja kwa zamu*.
Manila ikaanza kutoboka mahali pa namba.

Nikasema, tatizo si ndege.
Ni hii Bomoabomoa. Mbili ni rahisi mno.

Barasa hakuwa amesema neno tangu saa nane.
Aliichukua kadi, akaigeuza,
akautazama mgongo wake mtupu.
"Mbili ni nyingi," alisema. "Kwetu ilikuja bure.
Saa kumi alfajiri. Taa za tingatinga kwanza,
sauti baadaye."

Namba ya kweli huua mchezo.
Namba ya haki sijui nani amewahi kuilipa.
Nikaandika tano, nikaongeza mstari:
*Kabla ya kubomoa, mpinzani aokoe kadi moja.*
Kisha, kama mtu anayeulizia kanuni tu:
wewe uliokoa nini?

"Mlango."

Si redio? Si godoro?

"Mlango. Wa mbao, wenye komeo la baba.
Niliubeba kichwani hadi kwa shangazi, Kayole,
watu wakinipisha kama nimebeba maiti.
Upo hadi leo. Tumeulaza juu ya matofali,
ndio meza yetu ya kulia."

Kimeli alicheka kidogo, halafu akaacha.

Nikavuta manila mpya.
*Mlango.* Nguvu: sifuri.
Ulinzi? Barasa alifikiri sana.
"Weka nne. Bawaba moja imelegea."
*Mlango hauendi Jaa. Ukibomolewa, urudi mkononi mwa mwenyewe.*
Pa gharama ndipo niliposugua.
Moja ni dharau. Tatu, nani atauchukua?
Nikaandika mbili,
ile iliyokuwa imebaki Bomoabomoa ilipopanda.

Jumamosi iliyofuata, Hodan
alipanga Milango mitatu mbele ya Korongo wake,
akaibomoa meza nzima, na ya kwake humo humo,
Milango ikamrudia mkononi
naye akaipanga upya, mmoja mmoja, bila haraka.
Zamu ya tisa hatukuwa na kitu.

Barasa aliitazama ile mitatu imesimama
penye meza isiyo na kingine.
"Iache hivyo," alisema.

Nilikuwa nimeshashika kifutio.