Manjano ya Siku ya Tatu

Nduku hunipaka rangi kwa kidole cha pete,
maana kidole hicho, asema, hakina nguvu ya kumwonea mtu.
Huchanganya vikopo vitatu nyuma ya kiganja chake,
kwani River Road nzima haina kikopo kimoja
cha rangi yangu: ipo ya karanga, ipo ya asali,
halafu wanaruka mpaka lami.

Miaka kumi na mitatu nimekula kwa uso huu.
Siulalii. Siukuni. Sili pilipili wiki ya kurekodi.
Usiku nausugua kwa mafuta ya nazi hadi pamba itoke nyeupe,
hata nikirudi saa nane, stima zimepotea,
na maji ya Umoja ni yale ya mtungi, ya kuhesabu kwa kikombe.
Wenzangu wengine walinunua mkorogo, wakang'aa msimu mmoja.
Akoth alikuwa mmoja wao. Sasa taa zikiwaka
yeye hutafuta kivuli,
na mwongozaji hutafuta mtu mwingine.

Jumanne nilicheza mke aliyepigwa.
Nduku alianza na zambarau, chini ya jicho,
akatia kijani kidogo pembezoni, na manjano ya siku ya tatu,
kisha akapuliza taratibu ili ikauke.
"Usiguse. Bado tuna onyesho la hospitali."
Hospitali ikaahirishwa: mvua, jenereta,
na mwenye pesa hakutokea.
Mapipa ya maji yalikuwa makavu. Nikajitanda leso,
nikaenda nyumbani na jeraha langu.

Ngazini nikakutana na Mama Kerubo wa orofa ya tatu.
Tulikuwa tukijuana kwa kamba ya nguo tu,
huyu kasogeza shuka, yule kaazima vibanio.
Hakuuliza. Alinishika kiwiko, akanikalisha kwenye stuli,
akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa.
Nilitaka kusema. Kitambaa kikaniwahi.
Zambarau ikateremka shavuni, ikaingia beseni,
kijani nyuma yake,
na chini ikabaki ngozi yangu, nzima, yenye kutunzwa,
isiyo na hata chunusi.

Nikacheka kwa aibu. "Ni kazi, Mama Kerubo. Ni rangi tu."
Hakucheka. Aliyatazama maji ya beseni
jinsi muuza duka anavyotazama noti bandia
akitafuta mahali walipokosea.
"Ile ya manjano," akasema,
"huja siku ya tano. Si ya tatu."

Nje mtu alikuwa akipandisha mtungi wa gesi,
chuma kikigonga kila ngazi.
Alikaza macho mlangoni mpaka hatua zikapita,
kisha akauliza, kama aulizaye bei ya sukuma wiki,
kama Nduku huchukua wateja wa nje,
na kama vile vikopo vitatu, vikichanganywa vizuri,
hustahimili jasho.

Masaa sita, nikajibu. Saba, ukimalizia na poda.
Sikuwa na jibu jingine mdomoni.

Alhamisi, kwenye onyesho la hospitali,
nilimwambia Nduku aiondoe manjano.
"Nani kakufundisha?"
Nikafumba macho, kama apendavyo,
nikampa uso.