Jumamosi ya Kufuta Macho

Miaka sita nililinda geti hili la Isamilo
kwa tochi, koti la mtumba na kirungu,
hadi wakaja vijana wawili na boksi,
wakafunga ukutani macho manne yasiyo na waya,
na Mama Kokugonza, kabla wizara haijamhamishia Dodoma,
akaniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha amua:
"Lugembe, haya hayalali."
Nikanyamaza. Kulala, nililala. Mara mbili, tatu.
Mvua ya mwezi wa nne, nani hasinzii?

Hayakulala, kweli.
Yalipofuka.

Usubi ulipanda kutoka ziwani kama moshi wa tanuri,
ukafuata vile vitaa vyekundu vya usiku,
ukafia kiooni, tabaka juu ya tabaka.
Buibui naye, mwenye akili ya biashara,
akafungua duka mbele ya jicho la geti.
Usiku kucha simu ikalia Dodoma:
Kuna mtu. Kuna mtu. Kuna mtu.
Mguu wa buibui.

Basi nikaitwa tena. Si kulinda.
Kulinda walinzi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naegemeza ngazi.
Ndoo, kitambaa laini cha miwani
(kanga hapana, gazeti hapana, vinakwaruza;
kioo kimoja nimekilipa mwenyewe),
maji kidogo, pumzi kidogo, nazungusha taratibu
kama ninavyomtoa mjukuu tongotongo.
Sola naipangusa vumbi na mavi ya kongoti,
ndege yule anayesimama ukutani
kama karani anayedai mafao.
Skrubu iliyoshika kutu naitoa.
Betri ya uani haimalizi wiki;
daftarini nimeandika: Namba tatu, amechoka.

Lililotusumbua zaidi ni jiwe.
Lile kubwa kati ya geti na nyumba,
lililokuwapo kabla ya geti, na nyumba, na hati ya kiwanja.
Waifai inalifikia, inageuza.
Vijana waliapa tatizo ni ruta. Wakauza ruta mpya.
Nikawaambia, hata sauti yangu haikupita hapa;
nikitaka chai nilizunguka huku, kwenye mfereji,
ndipo Nyamizi wa jikoni akanisikia.
Walicheka. Kisha wakaning'iniza kisambaza mawimbi juu ya mfereji.
Taa ikawa ya kijani.
Ikakaa kijani.

Juu ya jiwe hilo mjusi wa kichwa chekundu, kiuno cha samawati,
anapiga pushapu mchana kutwa,
na kila pushapu ni taarifa Dodoma.
"Umfukuze?" mama akauliza.
Nikasema hapana, tupunguze hisia.
Za kamera, mama.

Neno la siri tunalibadili kila miezi mitatu.
Ananisomea herufi moja moja, naandika kwa kalamu,
nakariri, natafuna karatasi.
Kirungu hakikuwa na neno la siri.

Kuna jambo sijawaambia vijana.
Nikikagua memori kadi kama inaandika,
nawaona pimbi wa alfajiri, wanapita mmoja mmoja
chini ya ukuta, mahali nilipokuwa nikiweka kiti.
Kiti hakipo tangu mwaka juzi.
Bado wanakizunguka.

Leo nimemalizia jicho la geti.
Nimeondoa kitambaa tu, simu inaita mfukoni.
"Nimeona kiganja kikubwa kuliko Bugando," anasema,
"halafu wewe. Simu imeandika: mtu."
"Ni mtu kweli, mama."
Kimya. Nasikia feni ya ofisini kwake.
"Hebu sogea kidogo. Kushoto. Tena.
Unaziba ziwa."

Nikashuka vipande viwili vya ngazi,
nikainama,
nikakaa hivyo hadi mgongo ukauma.