Kisogo

Husemwa akupaye kisogo si mwenzio.
Mimi nimepewa kisogo miaka kumi na minne,
kila asubuhi kabla ukungu wa Santiago haujainuka,
na walionipa nawakumbuka mmoja mmoja.

Katika Pillán mwanafunzi huketi mbele,
mwalimu nyuma.
Una usukani wako, una kanyagio zako,
una geji zilezile,
lakini dunia huioni ila pembeni mwa kichwa cha mtoto wa mtu.
Kwa hiyo nilijifunza kusoma shingo.

Shingo ya woga huvimba chini ya masikio.
Ya kiburi haitoi jasho mpaka ndege imekwisha kuinama.
Ipo ya aliyepigwa sana na baba yake: ukipaza sauti
hujikunja kabla ya neno kufika.
Huyo nilimfundisha kwa kunong'ona,
injini ikinguruma, nami nikinong'ona.

Ayelén Catrileo alikuwa na kovu nyuma ya sikio la kushoto:
seng'enge ya shamba la matufaha, alisema, huko Temuco.
Na kwa bibi yake Pillán si jina la ndege.
Ni mwenye volkano. Halitajwi ovyo.
"Nasi tumelipaka rangi ubavuni," akasema,
akapima mafuta, akapanda.

Siku ya kuzungusha: futi elfu saba,
pua juu, juu zaidi, mpaka mbawa zikakata tamaa na hewa,
tukaanguka kama pia iliyoponyoka uzi,
mizabibu, barabara, theluji ya Andes,
mizabibu, barabara, theluji,
nami nimekalia mikono yangu.
Ndiyo kazi yote ya ualimu, kukalia mikono.
Mzunguko wa tatu, kovu likageuka jeupe.
Wa nne, akakanyaga, akasukuma,
ardhi ikasimama.

Siku aliyoruka peke yake nilishuka mimi,
nikaifunga mikanda juu ya kiti kitupu
isije ikanasa usukani,
nikabaki nyasini na redio mkononi
kama abiria aliyeshushwa kwa kukosa nauli.
Akanipita akielekea njia ya kurukia.
Hakugeuka.
Shingo imenyooka, kovu kavu.
Nilimshukuru Mungu kwa kisogo kile.
Jioni kikosi kizima kilimmwagia ndoo za maji,
akacheka, na mimi nilikuwa bado natazama angani.

Nibaldo Oyarzún, yeye, alijua vitabu kuliko sisi.
Lakini kila ardhi ilipokaribia
shingo yake iliganda, kama mtu anayesubiri kibao,
na mikono yangu ikatoka ilikokaliwa.
Safari tatu za mtihani. Mara tatu nilitua mimi.
Nikatia sahihi.
Hakulia. Alirudisha helmeti stoo,
akaomba stakabadhi.

Jana, benki moja ya Rancagua, foleni mpaka mlangoni,
mimi na fimbo yangu.
Mbele yangu koti la kampuni ya betri za magari,
kola iliyochakaa, nywele fupi zimeingia mvi,
na kati yake ukanda ule wa ngozi.
Nilimjua kabla hajageuka.
Nikautazama kama geji.
Ukaganda.

Akageuka. Macho yake ni ya kahawia isiyokolea.
Saa hamsini na mbili angani pamoja naye,
na sikuwa nimeyatazama.
"Mwalimu," akasema, "goti hilo. Tangulia."
Akarudi hatua moja, akaniweka mbele.

Dirisha la tatu likaita namba, si yangu.
Nikasimama pale, kola ikinibana,
jasho likianza chini ya masikio,
nikijua nyuma yangu yupo anayesoma.