Chumba cha Juu, Hull

Wa kwanza kaja na bahasha: benki, mwajiri, mdhamini,
barua tatu za sifa. Bwana Ockenden.
Akapitisha kidole dirishani, akakitazama,
asiseme neno.

Wa pili Dilnoza, muuguzi wa zamu za usiku.
Miezi minne tu nchini; mdhamini hana.
Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa,
soksi imetoboka kwenye kidole gumba.

Nami nilishatafunwa na nyoka:
yule kijana wa mwaka juzi,
karatasi zake safi kama sahani ya mgeni,
akahama usiku na mapazia yangu,
akaniachia deni la miezi mitano
na ukungu nyuma ya kabati.
Sasa hata unyasi nauogopa.

Nyumba ina mkopo. Tarehe mosi benki haiulizi
nani alivua viatu.

Lakini Januari ile nilipofika,
mwenye nyumba alilisoma jina langu, Mwanakheri,
mara mbili, akasema, "Kimeshachukuliwa."
Tangazo likabaki dirishani hadi Machi.

Boila inakohoa. Chai imepoa.
Nabonyeza sifuri, nabonyeza saba.
Mpaka hapo
namba zao ni moja.