Mkanyageni

Natoka Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, saa nne usiku,
wauza chipsi wakifuta masufuria.
Chupa mbili za maji, moja ya uji wa ulezi wenye chumvi,
tyubu tatu, solusheni, kipande cha msasa,
na kalimati kumi na mbili ndani ya mfuko wa rambo.
Mzigo mwingine sina. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Maana mji huu wa baiskeli
unamjua mwenye mkate, mwenye samaki, mwenye gunia la mkaa,
aliyempakia mke ubavu-ubavu kwenye karia.
Unamjua anayekwenda mahali.
Haumjui anayekwenda tu.

Kwenye kizuizi cha Hale askari alinimulika miguuni.
«Nani amefiwa?»
Hakuna.
«Umebeba nini?»
Sijabeba.
«Unakwenda wapi?»
Same.
«Kufanya nini Same?»
Kugeuza.
Akazima tochi kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Nami ni fundi. Siku sita nanyoosha rimu za watu,
baiskeli zimepinduliwa, tandiko chini, miguu juu,
magurudumu yanazunguka mbele ya uso wangu
yasifike hata kwa jirani.
Ya saba nataka kuona yanakokwenda.

Lakini nikwambie kweli: inachosha.
Inachosha kabla haijagusa miguu.
Kumepambazuka, na mistari ya mkonge imenyooka
kama daftari la mtoto asiyejua aandike nini.
Nahesabu nguzo za umeme, nafika sitini na kitu,
lori linapita, naanza moja.
Natunga kwa mizani minane, kanyagio moja silabi moja:

    Mkonge, tena mkonge,
    mate yamekuwa donge,
    magoti yana unyonge,
    na Korogwe haifiki.

Kutoka Mombo niliwaza elfu nne ninazomdai Semhando.
Nikamdai mlimani, nikamdai bondeni,
nikamshitaki, nikamshinda, nikamwonea huruma,
kisha deni likaisha kama tairi linavyoisha,
likabaki uzi, halafu upepo.

Na kuna pahali, baada ya Mkomazi, jua likiwa utosini,
ambapo kuchoka nako kunachoka.
Huniulizi nani amefiwa. Sijiulizi.
Kuna lami, kuna pumzi, kuna mbuzi mmoja
aliyeniangalia akaendelea kutafuna.
Hicho ndicho nilichokifuata.
Si kikubwa. Kikitiwa kwenye kibati cha solusheni
nafasi itabaki.
Kilidumu kama kilomita tatu.

Same niligusa kibao kwa kiganja, nikanunua soda,
nikainywa nimesimama, nikageuza.
Muuza duka akadhani nimesahau kitu.

    Nyuma yangu ni usiku,
    mbele yangu ni usiku,
    sijui ni ipi siku,
    ila mnyororo: tiki.

Upande wetu kuna kijiji kinaitwa Mkanyageni.
Sijui nani aliwaambia watu wamkanyage nani,
wala kama alikanyagwa.
Najua kibao chake nilikisoma kwa sauti,
nimevimba macho, meno yana vumbi,
nikatii.

Adhuhuri nilishuka mlangoni kwangu
na ardhi ikaendelea kwenda.
Vidole havikushika kikombe. Mwantumu alininywesha chai
kama mgonjwa asiyestahili kuonewa huruma,
akasema, «Haya. Same wamekupa nini?»
Nikatafuta la kumwambia. Mbuzi? Zile kilomita tatu?
Nikasema wanauza soda baridi.

Zawena alikuwa ameinua gurudumu la nyuma,
analizungusha kwa kidole, sikio karibu na spoku.
«Baba, na mbele ya Same kuna nini?»
«Usimjibu,» mama yake akasema.

Sikujibu.
Mwanga, nikasema moyoni.
Kisha Himo.